MFAHAMU NYABINGI: MAMA WA MILIMANI ALIYESUMBUA WAZUNGU WA NCHI 3, KISHA AKABAKI JINA LA NGOMA ZA REGE

Jioni ikifika Mwakitolyo, karasha zikishanyamaza na vumbi likianza kutua, spika za vibandani ndiyo zinaamka. Singeli kidogo, Bongo Fleva kidogo, na usiku ukiingia hakikosekani kibanda cha rege. Jamaa wametoka duarani, wamekalia ndoo na mifuko ya mawe, mmoja kavaa kofia ya kijani, njano na nyekundu. Ngoma inapigwa taratibu, du-du, inatulia, du-du, kama moyo wa mtu aliyelala. Muulize huyo mwenye kofia hiyo staili inaitwaje, atakujibu bila kufikiri: nyabinghi. Muulize maana yake, atasema ni ngoma za Jamaika, za Marasta, za kina Bob Marley.

Kuhusu Marasta yuko sawa. Ila hilo jina halikuzaliwa Jamaika. Ukitoka Mwakitolyo ukapita Kahama, ukanyoosha Biharamulo, Muleba mpaka Bukoba, umeshafika kwenye mji ambao Wajerumani walimfungia mwanamke wa Nyabingi zaidi ya miaka 100 iliyopita. Ukivuka mpaka na kupanda milima ya kusini magharibi mwa Uganda, umefika nyumbani kwake kabisa. Na Nyabingi hakuwa ngoma. Alikuwa mama. Kwa waliomwamini alikuwa mzimu mkubwa wa kike, mwenye kugawa watoto, mvua na mavuno, na kwa wazungu waliotawala milima ile alikuwa kesi isiyoisha.

Twende taratibu maana hii stori ina kona nyingi.

MAMA WA WAGIRIKI KWANZA

Watu wengi wakisikia habari ya mungu wa kike, akili inakimbilia Ugiriki. Lawama ziende kwa muvi. Wagiriki wa kale walikuwa na mama kadhaa: Gaia, ambaye ni ardhi yenyewe, Rhea, aliyemzaa Zeus na kumficha pangoni kisiwani Krete ili baba yake asimmeze, na Demeter, mama wa nafaka. Kwa umri Demeter alikuwa mdogo kwa hao wengine, lakini kwa watu wa jembe ndiye aliyekuwa mama hasa. Na hadithi yake mtu wa machimboni ataielewa haraka kuliko mtu wa Masaki.

Binti yake, Persephone, alikuwa anachuma maua. Ardhi ikapasuka, akatokea Hades, bosi wa kuzimu, akamnyakua na kushuka naye. Yaani ni kama duara limefunguka likameza mtoto wa mtu. Mama alisikia mlio tu. Siku 9 akazunguka na mienge mkononi, hali, haogi, anauliza kila anayekutana naye, na waliojua wakanyamaza kwa sababu aliyehusika ni mkubwa na Zeus mwenyewe alishatoa ruhusa. Alipoujua ukweli akawasusa miungu wenzake, akajigeuza bibi kizee, akaenda kukaa kisimani pale Eleusis, mji ulio karibu na Athens. Mabinti wa mfalme walikuja kuchota maji, wakamkuta bibi asiyejulikana ametoka mbali, kachoka, ana huzuni. Wakamwamkia vizuri, wakampeleka nyumbani kwao akalee mtoto.

Hapo pa kisimani pakumbuke.

Baadaye Demeter akagoma. Hakuwa na jeshi, kwa hiyo alichofanya ni kuzuia mbegu isiote. Watu wanalima, ng'ombe wanavuta majembe, shayiri inamwagwa shambani, na hakuna kinachochomoza. Njaa ikaingia, na miungu nayo ikakosa sadaka. Zeus akatuma wajumbe, mmoja baada ya mwingine, mama akakataa wote. Mwisho Zeus akasalimu amri na binti akarudishwa. Lakini alikuwa ameshakula punje ya komamanga kule chini, na ukila cha kuzimu una deni. Ndiyo maana, walisema Wagiriki, kila mwaka theluthi moja anashuka kwa mume na theluthi mbili anapanda kwa mama yake.

Eleusis ikawa sehemu ya ibada kwa karne nyingi mno. Wanawake waliruhusiwa, hata watumwa waliruhusiwa, na kwa Ugiriki ya wakati ule hilo halikuwa jambo dogo. Mwishoni mwa karne ya 4 watawala Wakristo wa Roma wakapiga marufuku ibada za zamani, kisha Wagothi wakapabomoa.

Kwenye karatasi iliishia hapo. Kijijini haikuisha. Mwaka 1801 Mwingereza mmoja, Edward Daniel Clarke, alifika Eleusis akakuta kijiji maskini chini ya utawala wa Waturuki, na sanamu kubwa ya mwanamke imefukiwa kwenye samadi. Wanakijiji walikuwa wanaamini mashamba yao yanazaa kwa sababu yake. Clarke akapata kibali cha wakubwa ili aichukue. Siku ya kuisogeza, ng'ombe akachomoka, akaipiga sanamu pembe, akatimua mbio mashambani huku analia. Watu wakaogopa kuigusa, ikabidi padri avae majoho yake apige sururu ya kwanza kuwatoa hofu. Meli iliyoibeba ikaenda kuzama pwani ya Uingereza, sanamu ikaopolewa. Mpaka leo iko Cambridge, kwenye jumba la makumbusho la Fitzwilliam, na wataalamu wanasema wala si Demeter. Ni nguzo ya jengo iliyochongwa umbo la mwanamke mwenye kapu kichwani. Wanakijiji walikuwa hawana habari na wataalamu. Walichojua ni kwamba mama yao amebebwa.

SASA TUJE KWA WA KWETU

Milima ya Ndorwa leo imekatwa: sehemu iko Uganda upande wa Kabale, sehemu iko kaskazini mwa Rwanda. Wakiga wa milima ile walikuwa wakulima wa mtama, kunde na maharage, na hawakuwa na mfalme. Kila ukoo ulikuwa na wazee wake. Majirani zao ndio waliokuwa na wafalme, na mfalme asiye na mipaka humtamani jirani asiye na mfalme, kwa hiyo watu wa milimani walizoea kukimbia, kujificha na kupigana.

Kwa watu hao ndiko Nyabingi alikoshika. Jina lenyewe, kwa tafsiri ya karibu, ni mwenye vingi. Asili yake inasimuliwa kwa njia nyingi. Kuna wanaosema alikuwa malkia wa kule kule Ndorwa, mwenye ngoma yake takatifu. Simulizi nyingine inamtoa Karagwe, ambayo leo ni mkoa wa Kagera, Tanzania hii hii: kwamba alikuwa mwanamke mwenye mali, akaolewa na mtawala wa Mpororo, mume akamuua ili abaki na vyake. Baada ya kifo chake mikosi ikaanza kumwandama muuaji, na roho ya marehemu ikawa inawapanda watumishi wake na kusema kwa midomo yao. Zipo na nyingine. Karibu zote zina mwanamke aliyeonewa ambaye kifo hakikumnyamazisha.

Ukiwa na shida ulikuwa unakwenda kwa mugirwa, yule anayepandwa na Nyabingi. Wakiwa wengi wanaitwa bagirwa. Wengi walikuwa wanawake, na wanaume waliokuwamo wapo walioripotiwa kuvaa kike. Unakwenda na mbuzi, au pombe, au jembe. Ndani ya kibanda kuna giza, mugirwa amejifunika au amekaa nyuma ya pazia la nguo ya magome ya mti, na sauti inayotoka si ile unayoijua. Ni nyembamba, ya ajabu. Mwanamke asiyepata mtoto anaeleza shida yake. Mwenye ng'ombe wanaokufa anaeleza yake. Mwenye ugomvi na chifu anaeleza, na hapo ndipo utamu na hatari ya jambo hili ilipokuwa, kwa sababu mzimu hauogopi chifu.

Usidhani walikuwa malaika. Bagirwa wengine walitajirika sana, na kuna familia zilizotoa mpaka mabinti zao wakatumike kwa mugirwa ili mzimu usikasirike. Ilikuwa ni madaraka kama madaraka mengine, yana walaji wake. Tofauti ni kwamba mwanamke ambaye nyumbani hana sauti mbele ya shemeji zake, siku akipandwa, shemeji wanapiga magoti.

Na majina yao wengi hayapo. Ripoti za maofisa zimejaa "mwanamke mmoja", "mchawi fulani", "kikongwe wa kilima fulani". Mbuzi walihesabiwa vizuri kuliko wao.

MUHUMUSA

Mmoja jina lake lilibaki: Muhumusa. Mwaka 1895 alikufa Rwabugiri, mfalme mpiganaji wa Rwanda. Mwaka uliofuata yakatokea mapinduzi ya Rucunshu, mrithi akafa, na Musinga akawekwa kwenye kiti. Aliyesuka mpango ule alikuwa mama yake Musinga, Kanjogera, na watu wa ukoo wake. Wajerumani walipokuja wakamuunga mkono Musinga.

Muhumusa alitokea milimani akisema yeye ni mmoja wa wake wa Rwabugiri, na mtoto wake Ndungutse ndiye mwenye haki ya kiti. Kwa hiyo pale palikuwa na mama wawili: mmoja ikulu nyuma ya mwanawe, mwingine kilimani nyuma ya mwanawe. Wa ikulu alikuwa na Wajerumani, wa kilimani alikuwa na Nyabingi. Watu walimfuata kama mugirwa, na wengine wakaamini ndiye Nyabingi mwenyewe. Wajerumani hawakutaka mchezo. Wakamshika wakamleta Bukoba, wakamweka kizuizini karibu miaka 2.

Alipoachiwa hakurudi kulima. Mwaka 1911 alikuwa ameshaweka makao kwenye kilima cha Ihanga, si mbali na Kabale, na maelfu wanamsikiliza. Angalia wakati wenyewe. Ni miaka ile ile Wajerumani, Waingereza na Wabelgiji walikuwa wanapiga mipaka yao milimani, shamba la mtu linalala nchi moja na zizi lake linaamkia nchi nyingine. Waingereza wakaleta na mawakala wa Kiganda kusimamia watu ambao hata lugha yao hawaielewi. Kodi, kubeba mizigo, kulima barabara bure.

Muhumusa akatangaza kwamba wazungu wataondoka na risasi zao zitakuwa maji. Mtanzania akisikia hilo lazima ashtuke, maana ni maneno yale yale ya Kinjikitile kule Ngarambe, miaka michache tu kabla, kwenye Maji Maji. Akasema pia kwamba ndani ya pango pale Ihanga kuna ngoma takatifu ya ufalme imefichwa, na kwamba ng'ombe watatoka chini ya ardhi, na ufunguo wa vyote anao yeye.

Hapa wachimbaji wavumilie kidogo. Mali iko chini na mwenye ruhusa ya kuifungua ni mwanamke: hiyo ndiyo ilikuwa imani ya Ihanga. Machimbo mengi ya Kanda ya Ziwa yana imani iliyopinduliwa kichwa chini. Wapo wanaoapa kwamba mwanamke aliye kwenye siku zake akisogelea duara, dhahabu inakimbia. Basi anaponda mawe juani, anachekecha, anapika wali wa wanaotoka chini, anabeba maji. Mdomoni mwa duara asionekane. Wagiriki waliiita ardhi mama na Wakiga walimpa mama funguo za pango, ila kwenye duara la mawe ya dhahabu mama anaambiwa ana mkosi.

Turudi Ihanga. Muhumusa hakuwa mpole. Viongozi wa jirani waliokataa kumtii waliandamwa, nyumba zikachomwa. Septemba 1911 kikosi cha Waingereza, pamoja na watu wa mawakala wa Kiganda, kikavamia kilima. Risasi hazikuwa maji. Wafuasi wake walikufa, yeye mwenyewe akapigwa risasi ya mguu, akakamatwa. Mwaka uliofuata Ndungutse naye akaliamsha upande wa Rwanda na Wajerumani wakamuua.

Wakambeba Muhumusa mpaka Mbarara, halafu Kampala. Hawakumnyonga. Waliogopa kumfanya mzimu mwingine, pengine. Wakamwekea sharti moja tu zito: asirudi milimani kwake.

KALAMU ILIYOMGEUZA MAMA KUWA MCHAWI

Kumwondoa yeye hakukusaidia, kwa sababu Nyabingi hakuwa mtu mmoja wa kufungwa. Akishikwa huyu, anapandwa yule. Mwaka 1917 kukawaka Nyakishenyi, na aliyetajwa kuchochea ni mwanamke mwingine, Kaigirirwa. Mwaka 1919 maofisa walimkamata kondoo mweupe aliyekuwa mtakatifu wa Nyabingi, wakamchoma moto hadharani Kabale ili watu waone hana nguvu. Fikiria serikali yenye bunduki, bendera na mfalme wake London imekaa kikao kuamua kesi ya kondoo. Mpaka 1928 walikuwa bado wanazima jaribio lingine la uasi Kigezi, na Wabelgiji upande wa Rwanda walikuwa na yao.

Lakini silaha iliyokaa muda mrefu kuliko bunduki ni sheria. Mwaka 1912, mwaka mmoja tu baada ya Ihanga, Uganda ilipata sheria ya kuzuia uchawi, na bagirwa wakawa wanashikwa kwa sheria hiyo. Ni ujanja mkubwa ukiutazama. Ukimshtaki mtu kwa uasi, unakubali kwamba ana hoja ya kisiasa, kwamba kodi imemchosha. Ukimshtaki kwa uchawi, hoja inakufa palepale. Mganga, mzimu, mpiga ramli, mwombea mvua na mtu mwenye sumu, wote wakaingizwa kwenye kapu moja. Mama aliyekuwa anaombwa watoto akatokea upande wa pili wa karatasi akiwa mchawi.

Tanganyika nayo ilipata yake. Sheria ya Uchawi ya mwaka 1928 ipo mpaka leo kwenye vitabu vya Tanzania, Sura ya 18.

Sasa rudi kisimani, pale Eleusis. Bibi kizee asiyejulikana amekaa peke yake, macho mekundu kwa kulia siku 9. Mhamishe bibi huyo umlete kisima chochote cha Usukuma. Wenyeji wa Shinyanga na Geita hawahitaji kumaliziwa sentensi. Tangu miaka ya 1970 maelfu ya watu, wengi wao wanawake wazee, wameuawa Tanzania kwa kusingiziwa uchawi, na Usukuma ndio uliotajwa zaidi. Macho mekundu yakawa ushahidi. Macho yenyewe mekundu kwa nini? Kwa moshi. Miti ilishakatwa, bibi anapikia mabua na kinyesi cha ng'ombe, kwenye jiko lisilo na dirisha, miaka 50 mfululizo. Amewapikia hao hao.

Si haki kuibebesha sheria ya mkoloni damu yote hii. Hofu ya uchawi ilikuwepo kabla ya mzungu. Nyuma ya tuhuma mara nyingi kuna shamba, kuna urithi, kuna mjane aliyekataa kuhama, kuna mtoto aliyekufa kwa malaria na familia inatafuta wa kumlaumu, na kuna mpiga ramli anayelipwa kutaja jina. Januari 2015 serikali ilitangaza kuwapiga marufuku wapiga ramli wa aina hiyo, wakati nchi ikiwa kwenye aibu ya mauaji ya watu wenye ualbino, mauaji yaliyohusishwa pia na imani kwamba kiungo cha binadamu kinavuta dhahabu. Mtu wa duara anaambiwa utajiri uko kwenye mkono wa mtoto wa mwenzake. Yaani Demeter alitafuta binti yake siku 9, na kuna mama wa Kanda ya Ziwa aliyekaa mlangoni na fimbo miezi mizima asilale, ili wake asichukuliwe.

Lakini sheria ilifanya kitu kimoja ambacho hofu peke yake isingeweza. Iliondoa upande wa pili. Zamani mwanamke mwenye nguvu za mizimu angeweza kuogopwa na angeweza kuheshimiwa, kutegemea na siku. Baada ya sheria, kwenye mdomo wa serikali, wa kanisa na wa shule, likabaki neno moja.

IKAWAJE MPAKA JAMAIKA?

Kwa njia ya magazeti, na kwa njia ya uongo.

Mwaka 1928 ofisa wa Kiingereza aliyekuwa Kigezi, J. E. T. Philipps, aliandika makala kuhusu Nyabingi akiieleza kama jumuiya ya siri inayopinga wazungu. Huo ulikuwa mtazamo wa mtu aliyechoka kufukuzana nayo. Mwaka 1935 Italia ya Mussolini ikaivamia Ethiopia, na propaganda ikahitaji jini la kutisha watu Ulaya. Ikatokea makala ya mtu aliyejiita Federico Philos, ikidai kuna jeshi la siri la mamilioni ya watu weusi linaloitwa Nya-Binghi, kiongozi wake ni Haile Selassie, lengo lake ni kuua wazungu. Hakuna lililokuwa kweli. Haile Selassie hakuwa na uhusiano wowote na bibi wa Ndorwa.

Desemba 1935 gazeti la Jamaica Times likaichapisha Kingston. Iliyokusudiwa kuwatisha wazungu ikawafurahisha Marasta wa mwanzo, watu maskini waliokuwa wanapigwa na polisi na kuchekwa mitaani. Wakalichukua jina. Baadaye likawa jina la mikusanyiko yao ya usiku kucha, na jina la ngoma zake 3: ya besi, ya funde inayoshika mapigo ya moyo, na ya repeater inayocheza juu. Count Ossie na vijana wake wakaziingiza studio, na mwaka 1973 Bob Marley na The Wailers wakaweka Rastaman Chant kwenye albamu ya Burnin'. Huo ndio mdundo unaopigwa Mwakitolyo usiku. Jina limezunguka bahari mbili likarudi Kanda ya Ziwa likiwa limevaa kofia, na mwanamke wa ndani yake kaachwa njiani. Waimbaji wake wengi ni wanaume, na kwenye kundi moja la Marasta linalotumia jina hilo hilo, mwanamke aliye kwenye siku zake hasogelei ibada. Lile lile la duara.

Kuna jambo moja la mwaka huo 1935 ambalo linachekesha kwa uchungu. Wakati Kingston wanalipokea jina la Nyabingi, Kabale kulikuwa na moto wa uamsho. Walokole waliotokea Gahini, Rwanda, walihubiri milimani kote, na watu kwa mamia wakawa wanaungama na kuviacha vibanda vya Nyabingi. Milimani anatupwa, Jamaika anaokotwa, mwaka ule ule.

Na Muhumusa alikuwa bado hai. Wengi wanaoimba jina hilo wangedhani hizi ni habari za enzi za Nuhu, kumbe yule bibi alikuwa Kampala, anazeeka, na watu wakiendelea kusema habari zake kule alikokatazwa kwenda. Alikufa mwaka 1945, vita vya pili vya dunia vikiishia. Ilikuwa imepita miaka 34 tangu ateremshwe Ihanga na mguu wake wenye risasi, na hawakuwahi kumruhusu kurudi.